Kamera ya Joto, Kiwele cha Karembo na Paa Langu la Mabati

Chuchu moja ya ng'ombe wangu Karembo ilikufa wakati wa masika ya mwaka juzi, na kosa lilikuwa langu. Nilikwenda msibani Mambrui nikakaa siku tatu, na kijana niliyemwachia kazi ya kukama hakuona haja ya kutazama matone ya kwanza kabla ya kuyatia kwenye ndoo. Niliporudi, upande wa nyuma kulia wa kiwele ulikuwa mgumu kama kifuu, na kilichotoka hakikuwa maziwa, kilikuwa maji ya manjano yenye vipande kama mtindi uliokatika. Daktari wa ng'ombe akaja, akapiga sindano, akaingiza dawa ndani ya chuchu siku tatu mfululizo. Haikusaidia. Kila chuchu ina chumba chake cha maziwa, na chumba kile hakikufufuka tena. Kutoka lita 11 kwa siku, Karembo akashuka hadi 8. Ongeza maziwa niliyomwaga kwa sababu ya dawa. Ongeza na mama wa kibanda cha chai pale Barani, aliyechoka kunisubiri akahamia maziwa ya pakiti. Hasara ile niliihesabu mara moja tu, kisha nikafunga daftari.

Ninafuga ng'ombe wanne Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi: Karembo na dada yake, ambao ni Friesian waliochanganywa, Tamu ambaye ni Jersey, na mmoja mwenye damu ya Sahiwal. Ninasaidiwa na mzee mmoja wa Kigiriama ambaye amechunga ng'ombe tangu hajaota meno ya pili. Siku ya msiba alikuwa kwao Jilore, vinginevyo pengine nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Mdogo wangu anafanya kazi Maskati. Nilipomlilia kwa simu alinitumia video ya mfugaji wa Ulaya aliyechomeka kikamera kidogo kwenye simu, akamwelekezea ng'ombe, na kiwele chenye ugonjwa kikawaka rangi kama kaa la moto. Nikamwambia, "Ninunulie hicho hicho."

Hapo ndipo pesa zilipoanza kutoka. Kamera ya kwanza iligharimu shilingi 29,000, ikaja na msafiri. Nilipoifungua nikakuta plagi yake ni ya iPhone, na simu yangu mimi ni ya tundu la Type-C. Mdogo wangu hakuniuliza nami sikumwambia, kila mmoja akidhani mwenzake anajua. Nikaiuza kwa fundi wa umeme wa Mombasa, anayeitumia kutafuta nyaya zinazopata moto, kwa shilingi 20,000. Ya pili nikanunua kwa 34,500. Hii picha yake ina nukta 160 kwa 120, ile ya kwanza ilikuwa 80 kwa 60. Usidharau tofauti hiyo. Kwa nukta chache, kiwele ukikipiga ukiwa umesimama mbali kidogo kinakuwa doa moja, na hujui chuchu ni ipi.

"Hiyo inaonaje gizani?" mzee aliniuliza jioni ya kwanza. Nikamweleza kwamba kila kitu chenye joto kinatoa mionzi isiyoonekana kwa macho, na kamera inaisoma mionzi hiyo badala ya mwanga. Nikamwambia pia kwamba mionzi yenyewe iligunduliwa mwaka 1800 na William Herschel, alipopasua mwanga wa jua kwa kioo zikatoka rangi zake, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipo na mwanga wowote, kikapanda. Mzee akafikiri kidogo. "Basi ni kama kupeleka mkono karibu na jiko lililofunikwa," akasema. Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo.

Asubuhi iliyofuata, yapata saa nne, nikawatoa ng'ombe wote uani nikaanza kupiga picha. Ilikuwa balaa. Wote wanawaka. Mwili wa Karembo ulinionyesha mabaka yale yale ninayoyaona kwa macho, meusi yakiwa moto kuliko meupe, nikaanza kuwaza ugonjwa wa ngozi. Ilinichukua siku mbili kukumbuka kitu ambacho kila mtoto wa pwani anakijua akivaa kanzu nyeupe na mwenzake shati jeusi: manyoya meusi yanakula jua.

Tamu ndiye aliyenitisha zaidi. Nusu ya kushoto ya kiwele chake ilikuwa ya njano kali, ya kulia zambarau. Sikungoja. Nikampigia daktari, akaja na pikipiki kutoka mjini, shilingi 1,500 ya kuja tu. Akaweka kipimajoto nyuma, kikasoma nyuzi 38.6, joto la ng'ombe mzima. Akakama kidogo kutoka kila chuchu kwenye sinia lenye vikombe vinne, akatia ile dawa ya zambarau ya kipimo cha California, kinachotambua ugonjwa wa kiwele, akazungusha. Ugonjwa ukiwepo mchanganyiko huwa mzito kama uji wa muhogo. Vikombe vyote vinne vilibaki maji.

"Alipoamka asubuhi alikuwa amelalia upande gani?" akaniuliza. Mzee akajibu kabla yangu: kushoto.

Daktari yule ni mpole, hakunicheka mbele ya mzee. Aliichukua simu, akaniambia, "Dada, mashine yako haijakosea. Imekuambia pana joto. Hukuiuliza joto la nini." Kisha akanionyesha jambo ambalo ningelijua kama ningesoma karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Kamera hizi hugawa rangi zake zote kati ya sehemu baridi kabisa na sehemu moto kabisa zilizo mbele yake. Kwa hiyo hata ng'ombe mzima akiwa peke yake kwenye picha, lazima sehemu fulani itakuwa ya njano, ingawa imezidi nyingine kwa nusu nyuzi tu. Ndani ya programu kuna mahali pa kufunga kipimo ili rangi zisihame. Mimi nimefunga kati ya nyuzi 28 na 40. Na kwenye karatasi ile ile waliandika kwamba namba inayosomwa inaweza kukosea hadi nyuzi 3, juu au chini. Nyuzi 3! Kwa ng'ombe hiyo ni tofauti ya mzima na mahututi.

Niliumia. Shilingi 34,500 kwa kitu kisichojua joto la mnyama kuliko kipimajoto cha shilingi 300. Nikakiweka kabatini wiki nzima.

Kilichonirudisha ni neno moja la daktari wakati anaondoka: usitazame namba, tazama wenzi. Kamera inaweza kukosea nyuzi 3, lakini ndani ya picha moja inakosea vile vile kwa chuchu ya kulia na ya kushoto, kwa hiyo tofauti iliyo kati yao ni ya kuaminika. Ng'ombe anajilinganisha na yeye mwenyewe. Basi nikaanza upya. Wiki mbili nzima sikutafuta ugonjwa, nilitafuta afya. Saa kumi na moja alfajiri, mara tu baada ya swala, jua halijatoka na upepo haujaanza. Ng'ombe awe amesimama kwa robo saa, ili ule upande aliolalia usahau ulipolaliwa. Kiwele kiwe kikavu, kwa sababu maji yakikauka yanapoza ngozi, na tope lililokauka linaficha joto kabisa. Ukikiosha, ngoja. Mkia unawekwa kando, unasimama nyuma yake hatua moja, simu ikitazamana na kiwele moja kwa moja. Ukipiga kutoka ubavuni, ule upande uliojikunja kwenda mbali utaonekana baridi kuliko ulivyo. Kisha namba nne kwenye daftari, mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia.

Jambo ambalo hakuna video iliyonionyesha: kamera hii kila baada ya muda hulia "tik" inapojisawazisha. Tamu haupendi mlio huo. Siku ya nne alipiga teke moja safi, simu ikaruka ikatua kwenye kinyesi na kioo kikapasuka. Shilingi 3,800. Tangu hapo mzee humpa machicha ya nazi kidogo kwanza, naye anatafuna bila habari na mlio.

Daftari lilianza kusema baada ya wiki hizo. Nikajua kwamba Karembo, chuchu yake iliyokufa huwa baridi kuliko ya jirani siku zote, na kwamba kwa hao wengine tofauti ya kulia na kushoto haizidi nusu nyuzi asubuhi. Sasa nilikuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Mwezi uliofuata, nyuma kushoto kwa dada yake Karembo kulizidi mwenzake kwa nyuzi 1.7. Nikapiga tena baada ya dakika kumi, ikawa 1.6. Maziwa yalikuwa meupe, mazuri, hayana kipande. Nikatia dawa ya zambarau, kikombe hicho peke yake kikavuta. Daktari akaanza tiba siku ile ile, nami maziwa nikamwaga kwa siku zote alizoniambia, na chuchu ikapona. Siku hiyo nilimpigia mdogo wangu Maskati nikapiga kelele kama nimeshinda uchaguzi.

Ningependa kuishia hapo, kisa kingekuwa kizuri. Lakini wiki ya tatu baadaye nilipima wote kwa dawa ya zambarau kwa sababu tu ilikuwa mwisho wa mwezi, na Tamu akaonekana ana ugonjwa kwenye chuchu ya mbele. Nikafungua daftari: kamera haikuwa imeonyesha tofauti yoyote siku kumi zilizopita. Ugonjwa wa kiwele unaojificha, usio na uvimbe wala vipande, mara nyingi hauna joto la kutosha kuonekana kwenye ngozi. Kwa hiyo anayenunua kamera ili aache kununua dawa ya kupimia maziwa anajidanganya, na dawa ile ni rahisi mara nyingi kuliko kamera. Mimi sasa napima kwa dawa kila wiki mbili, kamera kila siku.

Na kuna kosa ambalo nalikumbuka usiku.

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli, nyasi zimeota na kupe wamerudi. Mzee aliniambia asubuhi, "Mwanangu, yule mwekundu hajala vizuri. Amesimama peke yake." Alikuwa anamsema yule mwenye damu ya Sahiwal. Nikachukua kamera. Kiwele sawa, tena kilikuwa baridi kuliko jana yake. Masikio baridi. Nikamwambia mzee hana homa, tazama mwenyewe. Alitazama skrini, akanitazama mimi, akanyamaza kwa heshima. Sikuweka kipimajoto. Kwa nini niweke, na mimi nina mashine ya elfu thelathini?

Siku ya pili asubuhi alikuwa amelala, na chini ya sikio lake pana uvimbe kama limau. Kipimajoto: 41.2. Ilikuwa ndigana kali, inayoletwa na kupe wa kahawia anayekaa masikioni. Daktari alinieleza baadaye kwamba homa inapoanza kupanda, mwili hubana mishipa ya damu ya ngozini ili kuzuia joto ndani, ndiyo maana hata mtu mwenye malaria anatetemeka na vidole vyake baridi huku ndani anaungua. Masikio na kiwele vya ng'ombe wangu vilikuwa baridi kwa sababu alikuwa anaanza kuugua. Nami nikayasoma hayo kama afya.

Alipigwa sindano ya buparvakuoni, ambayo ni ghali na hufanya kazi vizuri ikiwahi. Sisi tulichelewa kwa siku moja na usiku wake. Alipona, lakini alikonda mpaka mbavu zikahesabika, na maziwa hayakurudi hadi alipozaa tena. Sikumwomba mzee msamaha kwa maneno. Nilimnunulia kipimajoto chake mwenyewe, akakifunga kwa uzi kwenye kitambaa anachofunga kiunoni, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayesema nani apimwe. Akisema ng'ombe hajala, kipimajoto kwanza. Ukitaka kukisia homa kwa kamera, sehemu ya kutazama ni kona ya ndani ya jicho, karibu na pua, ambako damu iko karibu na hakuna manyoya. Lakini hata hapo ni kukisia. Majirani tulikusanyana baadaye tukawachanja ndama wetu kwa ile chanjo ya ndigana iliyotengenezwa kwenye kituo cha utafiti cha Muguga, ambayo humpa mnyama vimelea hai vya ugonjwa wenyewe pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini ya kuvizuia visimuue. Chanjo hiyo huja kwa dozi za ng'ombe wengi kwa pamoja, kwa hiyo mtu mmoja mwenye ndama wawili hawezi peke yake.

Sasa nije kwenye paa, maana ndilo lililonirudishia pesa yangu.

Banda langu lilikuwa la makuti. Miaka mitatu iliyopita niliyaondoa nikaweka mabati mapya, nikajiona nimeendelea. Mzee alisema wakati ule kwamba ng'ombe hawatapenda. Nilidhani ni maneno ya kizee. Machi mwaka huu, wakati wa maleleji, kaskazi imechoka na kusi haijafika, hata jani la mnazi halitikisiki, Karembo alikuwa anahema ulimi nje. Nikahesabu pumzi zake saa nane mchana: 88 kwa dakika. Ng'ombe aliyestarehe hafiki 50. Nikatoa kamera, na kwa sababu sikujua pa kutazama, nikaielekeza kwenye paa kutoka nje. Ikanisomea nyuzi 11.

Nyuzi 11, Malindi, mwezi wa Machi, saa nane mchana! Kwa bahati nilishaumwa na nyoka, hata ung'ongo ulinishtua. Bati linalong'aa ni kama kioo kwa mionzi hii: halitoi sana joto lake, linarudisha la vitu vilivyo mbele yake, na kilichokuwa mbele yake ni mbingu tupu. Dawa yake ni utepe mweusi ule wa mafundi wa umeme. Nilipanda ngazi nikabandika kipande kwa ndani, nikasubiri kidogo, nikapima juu ya utepe. Nyuzi 60. Nikaenda kwa jirani mwenye zizi la makuti, nikapima tumbo la paa lake. Nyuzi 35.

Nilisimama pale nikatazama. Ng'ombe wangu walikuwa wanakaa chini ya kikaango tangu saa tatu hadi saa kumi na moja jioni, kila siku, miaka mitatu, na mimi nilikuwa nawapiga picha nikitafuta ugonjwa ndani yao.

Sikuyatoa mabati, mvua ya Malindi ikija inakuja. Fundi alifunga makuti chini ya mabati, kukiwa na nafasi ya shibiri mbili ili upepo upite katikati. Makuti 350 kwa shilingi 20, boriti 4,500, fundi 3,000. Jumla 14,500, chini ya nusu ya bei ya kamera. Nimeweka pia mtungi wa maji na pipa la mchanga, kwa sababu makuti na moto ni ndugu. Baada ya wiki mbili Karembo alikuwa anahema mara 62 saa nane mchana, na wote wanne kwa pamoja waliongeza lita 3 kwa siku. Mama wa Barani amerudi. Mzee hajasema "nilikwambia", ila siku makuti yalipomalizika kufungwa alikaa chini yake mchana kutwa akisuka kamba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu enzi ya lile paa la zamani.

Juzi binamu yangu wa Lamu alinipigia. Ana punda sita wanaobeba matofali na mchanga, mmoja anachechemea, na amesikia nina mashine inayoona maumivu. Nikamwambia haioni maumivu, na kwamba kwao kuna kliniki ya punda tangu mwaka 1987, ampeleke huko kwanza. Akasisitiza, anataka yake. Basi nikamwambia ampumzishe punda kivulini, amsafishe na kumkausha kwato, alinganishe miguu miwili ya mbele pale kwato inapokutana na nywele, kisha ya nyuma, alfajiri kabla hajatembea.

"Sawa dada, nimekuelewa," akasema. "Naagiza leo leo. Kuna jamaa anatoka Dubai."

"Kabla hujaagiza," nikamwambia, "igeuze simu yako uniambie ina tundu gani."